Jina Chini ya Sufuria

Nilipokuwa mtoto pale Bondeni, Nakuru, mimi ndiye nilimnyamazisha mdogo wetu, na mtu akikwambia ni kaka yangu Wekesa, huyo ni mwongo. Niliacha shule darasa la saba, sawa, lakini siku hiyo mwenye akili nyumbani alikuwa mimi.

Mtoto alikuwa na wiki tatu. Siku mbili nzima alilia tu, akakataa kunyonya, na Mama akaanza kuogopa. Kliniki wakatoa dawa ya matone. Wekesa akatumwa kuichukua, akarudi ametuna kama yeye ndiye aliyeitengeneza, na Mama akamdondoshea mtoto mdomoni. Alikuwa namba moja darasani kila muhula, na Mama hakuchoka kunikumbusha.

Lakini kukhu, nyanya yetu aliyekuwa amekuja kutoka Bungoma, alisema hiyo si kazi ya dawa. Kwetu Wabukusu, mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka jina lake. Mnataja majina ya waliokufa moja moja, na likifika lenyewe, mtoto ananyonya.

Basi mchana huo Mama akakaa kitandani na mtoto, kukhu akaanza. "Wanyonyi, kama ni wewe, mwache anyonye." Kilio. "Wafula?" Kilio. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nilimwona kukhu akifungua mdomo, akamtazama Baba, akaufunga.

"Yameisha," akasema.

Wekesa akaninong'oneza, "Taja lako basi. Labda mtoto anataka kuwa mjinga."

"Mimi sijakufa!"

Nilikasirika, nikatafuta jina lolote la kumshinda. Yeye akisoma, mimi ndiye niliosha vyombo, na chini ya sufuria yetu kubwa ya ugali mtu alikuwa amechora kwa msumari: SIMIYU. Nikapaza sauti: "Simiyu!"

Mtoto akanyamaza. Akashika titi. Aliyelia sasa ni Mama.

Baba akanigeukia. "Nani amekwambia hilo jina?"

"Liko kwa sufuria, Baba."

Nilingoja kofi, lakini Baba alikaa tu chini sakafuni. Kukhu ndiye alitueleza. Simiyu alikuwa kaka mkubwa wa Baba. Waligombania shamba, na Simiyu alipokufa Baba hakwenda kumzika, akakataza jina lake litajwe nyumbani. Sufuria ilikuwa zawadi ya Simiyu kwa Mama alipoolewa. Yaani Baba alimnunia mtu miaka yote hiyo na huku anakula ugali kutoka sufuria yake kila jioni.

Wiki iliyofuata Baba alienda Bungoma, akakaa kaburini kwa kaka yake mpaka kukhu akaja kumwita arudi nyumbani.

Wekesa siku hizi ni nesi Gilgil, na bado anashikilia ni yale matone. "Mtoto alikuwa na vidonda mdomoni, bro. Dawa ilishika, wewe ukapiga kelele." Pengine, profesa. Lakini matone hayawezi kumpeleka mtu Bungoma.

Nimewafikiria sana wale ndugu wawili. Hawakuwa wabaya. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Mwezi uliopita Wekesa alinitusi kwa simu, nikakata. Nilitembea mpaka kona nikihesabu sababu za kutompigia, na zilikuwa nyingi, tena nzuri. Nikapiga.

"Umekula?" akaniuliza.