Matembezi ya Fundi Lifti

Kama umewahi kukwama ndani ya lifti, ukagonga mlango kwa hofu, na sauti ya mwanamume ikakujibu kwa upole kutoka juu, "Tulia mama, dakika mbili tu, tunafungua," basi ujue ulidanganywa. Hakuna cha dakika mbili. Fundi bado anautafuta ufunguo, au anashangaa waya ulioungua, na wewe utakaa humo saa nzima ukihesabu vifungo vya shati lako. Lakini ukweli hausemwi. Aliyekwama akiambiwa saa nzima, hofu itammaliza kabla lifti haijamfanya lolote. Ndivyo mafundi wanavyofundishana, na huyu wetu, Fundi Lifti, ndiye aliyekuwa bingwa wao. Alikuwa na sauti ya kubembeleza, laini, isiyo na haraka. Watu walitoka humo wakimshika mkono na kumshukuru.

Kosa lake ni kwamba uongo ule wa kazini aliubeba akaupeleka nyumbani.

Kampuni yake ilikuwa inafunga lifti kwenye maghorofa mapya, leo nchi hii, kesho nchi ile. Jengo likiisha, mafundi wanahamishwa. Wenzake waliziacha familia zao kwao. Yeye akasema thubutu, watoto wake hawatalelewa na simu. "Tutakwenda wote," alimwambia mkewe. "Tukila tutakula wote, tukilala njaa tutalala wote." Maneno matamu hayo, nani angeyakataa? Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, akaifunika cherehani kwa shuka kuukuu na kumfuata. Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza, binti, alikuwa haishiwi maneno toka anapoamka mpaka anaposinzia, wakamwita Chiriku. Wa pili, mvulana, alikuwa bado ananyonya, mashavu yamemjaa, huyo wakamwita Bonge.

Siku ya kuondoka, Chiriku alikuwa jikoni na bibi yake, mzaa mama, wanakula mkate. Bibi na mjukuu walikuwa chanda na pete. Fundi Lifti akauona msiba unavyokuja: mtoto atalia, bibi atalia, mama naye atadakia, na gari liko nje linangoja. Akachuchumaa, akaitoa ile sauti yake.

"Chiriku, twende matembezi. Tunarudi jioni."

Mtoto akaukata mkate wake katikati, nusu akaifunikia bakuli. "Bibi, usile, nitakuja kumalizia." Bibi akageuzia uso ukutani. Mama mtu alifungua mdomo, akaufunga, na kunyamaza kule kulimtafuna kwa miaka. Baadaye bibi alisema kwenye simu kwamba hakuweza kulifunua lile bakuli mpaka sisimizi walipopanga foleni hadi mezani.

Huko walikofika Chiriku alilia, akauliza, akachoka. "Si unaona?" Fundi Lifti akamwambia mkewe. "Mtoto husahau. Kuagana ndiko kunakotonesha kidonda." Loo! Mtu anajua kupima uzito wa lifti mpaka kilo ya mwisho, moyo wa binti yake umemshinda.

Katika mji ule Chiriku alipata rafiki, binti wa bawabu, na urafiki wao ulikuwa na kamba moja ya kurukia. Leo inalala kwa huyu, kesho kwa yule. Jengo likaisha. Fundi Lifti akachuchumaa tena: twende matembezi, tunarudi jioni. Walipofika uwanja wa ndege mtoto akakunjua kiganja, kamba ikawa imo.

"Baba, leo jioni ni zamu yake."

"Utampa tukirudi," akasema Fundi Lifti, akamsukuma taratibu kwenye foleni.

Kuanzia hapo, ukisema neno matembezi nyumbani mwao, hata kama ni kwenda kununua sabuni hapo chini, Chiriku alikwenda kuchukua mto wake. Kisha anakusanya soksi za Bonge, anazisokomeza kwenye mfuko, anasimama mlangoni ameukumbatia mto, tayari. Fundi Lifti alicheka mpaka mbavu zikamuuma. "Jamani, mtazameni huyu mzee wa safari!" Akawa anawasimulia wenzake kazini, nao wanacheka. Mkewe hakucheka hata siku moja. Isitoshe, Chiriku mwenyewe alikuwa haongei tena. Jina lilibaki tu, kama kibao cha duka lililofungwa.

Katika mji wa tatu waliishi ghorofa ya juu ya mjane mmoja mzee ambaye watoto walimwita Bibi wa Chini. Alikuwa anafuma masweta, hana mtu, na mlango wake haukufungwa mchana. Chiriku alianza kwa kukaa kizingitini. Akasogea mpaka kwenye mkeka. Mwisho akawa anashika kitonge cha uzi, na maneno yakaanza kumrudi, moja moja, mpaka siku moja mama yake akiwa kwenye ngazi na kapu la nguo akamsikia anamsimulia mama wa watu habari za bibi yake, mkate na bakuli, bila kumeza mate. Akakaa papo hapo kwenye ngazi, akalia kwa furaha.

Jioni ile Chiriku alimwuliza baba yake, "Baba, hapa tutahama?"

Na asubuhi ya siku hiyo hiyo msimamizi alikuwa ameshamwambia Fundi Lifti kuwa jengo linalofuata liko nchi nyingine.

"Hatuhami, mwanangu," akajibu kwa ile sauti. "Hapa tumefika."

Basi Chiriku akalivuta sanduku lake kutoka mvunguni. Tangu waje hakuwahi kutoa nguo humo. Akazitoa moja baada ya nyingine, akazipanga kabatini, akampelekea mama yake sanduku tupu. Mama mtu alifurahi mpaka mumewe alipomfuata jikoni na kumnong'oneza ukweli.

"Baba Chiriku, umemwambia mtoto nini?"

"Nimemtuliza."

"Safari hii mwambie kweli. Mwache amuage yule bibi."

"Atalia."

"Alie! Machozi ni yake, wewe yanakuuma nini?"

"Mama Chiriku, hii ndiyo kazi yangu. Watu wangapi nimewatoa kwenye lifti wazima, kwa maneno tu?"

"Wale unawafungulia mlango, Baba Chiriku, wanatoka wanakwenda kwao. Sisi kila ukitufungulia tunakuta jengo jingine." Akazima jiko. "Sijakuomba kitu tangu tutoke kwetu. Hili nakuomba. Mtoto huyu ukimdanganya tena, hatamwamini mtu yeyote duniani, na mimi sitakaa hapa nikitazama."

Fundi Lifti akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejiona anamjua mkewe. "Haya, mdomo umekuwa cherehani. Jumamosi nitawaambia tunakwenda matembezi. Yameisha."

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi, ila huyu mwanamke hakurusha hata sahani. Alipiga pasi shati la kazi, akalitundika.

Alhamisi asubuhi Fundi Lifti alikuwa anafunga kamba za viatu, akamwona mkewe amevaa, Bonge yuko mgongoni.

"Tunakwenda matembezi," akasema mkewe.

Moyo ukamtulia. Kumbe amekubali yaishe, akajisemea. Chiriku akatoka chumbani mikono mitupu.

"Mzee wa safari! Leo mto hubebi?"

Chiriku alimtazama mama yake. Halafu akaja, akachuchumaa mbele ya baba yake aliyekuwa ameinamia viatu, akamwekea mkono begani. Akasema taratibu, laini, bila haraka:

"Tunatembea tu, baba. Tunarudi jioni."

Fundi Lifti akacheka, akambusu, akaenda zake kazini. Kutwa nzima alifunga vyuma ndani ya shimo la lifti huku akipiga mluzi. Binti yangu amepona, aliwaambia wenzake, leo hata mto hakuugusa.

Jioni aligonga, hakuna aliyejibu. Akafungua mwenyewe. Viatu vya watoto havipo. Kabati la Chiriku liko wazi, hamna kitu. Akashuka ngazi mbio, akamkuta Bibi wa Chini amekaa kizingitini, macho mekundu, kamba ya kurukia iko mapajani mwake.

"Wako wapi?"

"Kwani hujui, baba? Wamerudi kwao, kwa bibi yao. Mtoto ameaga jengo zima leo, mlango kwa mlango. Bawabu ameagwa. Muuza mkate ameagwa. Mimi amenililia hapa mpaka akanyamaza mwenyewe, akanipa kamba yake. Mama yake amesimama tu anamngoja, hakumharakisha."

Fundi Lifti akauliza, "Na mimi?"

Mama wa watu akaikunja kamba mapajani. "Nilimwuliza, mjukuu wangu, na baba yako je? Akaniambia baba haagwi. Baba akiagwa atalia."

Akapanda juu, akapiga simu ya mkewe, imezimwa. Kitandani kwa Chiriku mto ulikuwa pale pale. Mezani palikuwa na bakuli lililofunikwa, na alipolifunua akakuta nusu mkate. Fundi Lifti akakaa chini, akalia kwa sauti kubwa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia atulie, dakika mbili tu.