Simu Iliyopigwa Kabla ya Jaribio

Mashindano ya fizikia ya kanda yalipofanyika Kigali, nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Timu yetu ilikuwa ya wanafunzi watatu, mimi kiongozi. Sikuwa bora kuliko wenzangu. Nilikulia Mwanza kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda na kupanga nyumba Kabeza, mtaa mmoja wa Kigali, kwa hiyo Kiswahili changu kilinyooka, na mwalimu wetu, Mtanzania, alipenda kunituma kuzungumza na wageni.

Aliyekuwa bora hasa alikuwa rafiki yangu, msichana wa Masaka, pembeni mwa Kigali, mtoto wa pekee wa mjane aliyelima maharage na mboga kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Wengine tulikariri kanuni. Yeye alikishika kifaa, akakitazama, akajua kitafanya nini.

Wiki mbili kabla ya mashindano mama yake alilazwa kwa ugonjwa wa figo. Kila tulipomaliza mazoezi rafiki yangu alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda hospitali, akasomea pembeni ya kitanda. Asubuhi ya siku ya jaribio aliniambia kwamba jana yake mama alikunywa uji nusu kikombe. Alilisema hilo kwa furaha.

Simu zetu alikuwa nazo mwalimu, ndiyo sheria ya mashindano. Dakika chache kabla hatujaitwa ukumbini, aliniita barazani, peke yangu.

"Mjomba wake amepiga," alisema. "Mama amezidiwa. Wanataka aende."

Nikamwuliza kama ni aende sasa hivi.

"Sasa hivi." Aliigeuzageuza ile simu mkononi. "Jaribio litachukua saa moja na nusu. Akiondoka, hatuna timu. Wewe unaonaje?"

Miaka mingi nimemlaumu kwa kuniuliza swali lile, mimi wa miaka kumi na saba. Lakini aliniuliza, na nilikuwa na jibu.

"Amalize kwanza," nikasema.

Tulipewa springi iliyoandikwa kipimo cha ukakamavu wake, rula, saa ya kuhesabia sekunde na jiwe, tukaambiwa tutafute tungamo la jiwe bila mizani. Rafiki yangu alilitundika jiwe kwenye springi, akaliachia licheze juu na chini, akahesabu kwa midomo bila sauti. Mimi niliandika namba alizonitajia. Mara mbili nilikosea safu, naye akanisahihisha kwa upole, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni joto. Kulikuwa na mvua nje.

Tulipotoka mwalimu alimwambia. Hakulia. Alichukua simu yake, akatoka getini, akasimamisha moto, mimi na mwalimu tukamfuata kwa nyingine mbili.

Tulimkuta mjomba wake kwenye benchi nje ya wodi, amepakata mfuko wenye vitenge vya dada yake. Hakuhitaji kutuambia. Alisema mgonjwa alikuwa amemwita mwanawe kwa jina mpaka sauti ikakatika, kiasi cha nusu saa iliyopita. Kisha akauliza kwa nini tumechelewa hivi. Mwalimu alijibu kwamba kulikuwa na mashindano. Mimi nilitazama sakafu.

Tukawa wa tatu. Habari zilifika siku tuliyokuwa tunatoka makaburini, na hakuna aliyepiga makofi. Rafiki yangu hakurudi shuleni. Nilisikia amehamia kwa mjomba wake, nikajiambia nitakwenda kumwona likizo. Likizo ikapita, na nyingine. Nilisoma uhandisi, nikapata kazi ofisini, na kila mtu aliyesoma kwenye wasifu wangu kwamba niliwahi kuwa wa tatu katika kanda alinipongeza.

Mwaka jana mtu aliniambia kuwa rafiki yangu anashona sare za shule Kimisagara, hapo hapo Kigali. Nilikwenda Jumamosi. Alinitambua kabla sijasalimu, akanipa kigoda. Nilimweleza yote yaliyotokea barazani, swali la mwalimu na jibu langu. Cherehani yake ilikuwa imesimama, akasikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa najua," alisema kwa Kiswahili cha Kigali, polepole. "Mjomba aliniambia saa alipiga. Mwarimu alikuja nyumbani mwezi ule ule, akaniambia mlikuwa wawili mlioamua. Alilia sana. Nikasema na wewe utakuja."

Nilimwambia kwamba niliogopa.

"Miaka yote hiyo?"

Nilimwomba msamaha, na maneno yalitoka mepesi mno. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, akaniuliza kama wazazi wangu bado wazima. Nikasema wote wawili wapo. Akasema ni vizuri.

Mama mmoja aliingia na binti yake kupimwa sketi. Rafiki yangu akainuka na tepu shingoni. Nilisubiri kidogo, kisha nikaaga. Hakunifukuza, wala hakuniambia nirudi.