Maziwa ya Kuoshea Mapafu

Kiwanda kilichonichukua kuwa mwanagenzi kipo ndani kidogo ya barabara ya Msambweni, ukishaipita Ukunda, na kazi yake ni dawa za mabwawa ya kuogelea ya mahoteli ya Diani. Unga wa klorini huja katika mapipa makubwa. Sisi tuliyafungua, tukauchota kwa makopo, tukaupakia katika ndoo ndogo za kuuzwa. Tuliahidiwa kwamba tutafunzwa, na mafunzo yakiisha tutaajiriwa. Mimi nilikuwa nimeacha shule mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu watatu. Ajira ile niliitaka kweli.

Mafunzo yenyewe yalikuwa dhihaka. Mkufunzi alikuwa kijana wa bara, mwenye viatu vilivyochongoka, aliyeweka vipindi vyake Ijumaa adhuhuri, kisha akalalamika kwamba wanaume wa Pwani hawahudhurii. Wanaume walikuwa msikitini. Sisi tuliobaki alitujengesha mnara wa mirija ya soda ili tujifunze ushirikiano. Mnara ulipoanguka, akasema kuanguka nako ni funzo, akajipigia makofi. Kuhusu klorini alikuwa na picha moja ya fuvu la kichwa, akaipitisha upesi kama aibu ya ukoo.

Kinga ya vifua vyetu ilikuwa maziwa. Kila jioni, kabla hatujatoka, msimamizi alituletea kreti, kila mtu akachukua pakiti yake.

"Maziwa yanaosha mapafu," mkufunzi alitueleza. "Mkinywa, sumu inashuka tumboni, mnaenda mnaiacha chooni. Tuko pamoja?"

Watu wazima wenye wajukuu waliitikia kwamba wako pamoja naye. Walioitikia kwa sauti kubwa zaidi ndio waliozificha pakiti zao mikobani wakaenda nazo nyumbani. Dawa ya mapafu yetu ilinywewa na watoto, katika chai, na bado kila mmoja aliapa kwamba inamfaa. Mimi pia yangu niliipeleka nyumbani, lakini sikuapa.

Kisha nikaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, chenye kuwasha, kilichonishika kila nilipofungua pipa na kunifuata hadi nyumbani. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata kuzaliwa, aliniangalia nikiwa nimeshika ukuta.

"Dada, nawe utalazwa?"

Mama alilazwa mara moja tu, na hakurudi. Na baada yangu hapakuwa na mtu mwingine wa kuwalea.

Siku ya mwisho ya mafunzo meneja alikuja akauliza kama tuna maoni. Alitarajia shukrani. Nikasimama nikamwambia tunataka barakoa za kiwandani, zile zenye vichungi mashavuni. Aliwaza kidogo, halafu akatabasamu kama mtu aliyepata mlango wa kutokea.

"Fungu la pesa ni moja. Barakoa au maziwa. Amueni wenyewe."

Mama mmoja wa Matuga, mpakiaji mwenzangu, alinivuta leso.

"Mwanangu, usituharibie. Watoto wangu wameshazoea."

"Mama, kwani watoto wako ndio wanaopakia klorini?"

"Hebu sikieni kinywa hicho. Kwenu hakuna wa kukufunza adabu?"

"Hakuna. Walikufa."

Akaiachia leso yangu, lakini mkono wake aliuinua kwa maziwa. Wote waliuinua kwa maziwa, na mkufunzi, ambaye hakuwahi kushika hata kopo, aliwainulia wake pia.

"Dada anataka kufanana na nzi," akasema, na ukumbi mzima ukacheka.

Nilingoja wamalize kucheka. "Basi mimi nipeni barakoa," nikasema, "maziwa yangu yabaki kwenu."

Mkufunzi alisikitika. Alisema nitavunja moyo wa ushirikiano, na kwamba mnara ule inaonekana sikuuelewa. Nikamjibu kwamba bila barakoa sifungui pipa tena.

Jumatatu nilifika mapema, nikaketi kwenye benchi nje ya ghala. Msimamizi alinipita akinitaja kwa majina ya kila aina. Jumanne nikaketi tena. Pasaka ilikuwa inakaribia, mahoteli yanataka dawa, na mikono haitoshi, kwa hiyo meneja akamtuma dereva Mombasa. Barakoa ilikuja ndani ya mfuko wa nailoni, nikarushiwa miguuni. Niliiokota, nikaivaa, nikafungua pipa.

"Nzi ameingia," walisema wenzangu, huku wakijifuta macho yanayowatoka machozi.

Wiki ile tuliajiriwa sote. Meneja hakuwa na sababu ya kuniacha nje isipokuwa chuki, na chuki haikumpakilia ndoo.

Jioni ya kwanza niliyorudi mikono mitupu, niliwaandalia chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Mdogo wetu wa mwisho alikitazama kikombe chake, akanitazama mimi.

"Maziwa yako wapi?"

"Nimeyaacha kazini."

"Kesho utakuja nayo?"

"Hapana, wala kesho kutwa."

Akakisukuma kikombe. Nikakirudisha mbele yake. Hakukohoa mtu pale mezani, na mimi sikumbembeleza. Dada yake akamwongezea sukari kijiko kimoja, naye akanywa huku amenikunjia uso, hadi chai ikaisha.