Jaluba Lililoonekana Tupu

Mwanangu, iko siku moja hainitoki moyoni kila nionapo miche michanga ya mpunga. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu hapa Mwamapalala. Ni miaka ile soko huria limeingia: wanunuzi wa pamba walikuja wakitaka, wakatokomea wakitaka. Chakula chetu chote tulikitegemea kwenye jaluba moja la mpunga.

Bwana shamba alitufundisha kupandikiza kwa kamba, mche mmoja mmoja, kwa nafasi. Mume wangu akakubali. Baba mkwe akakubali shingo upande. Tukapanda. Kisha mume wangu akapeleka ng'ombe malishoni upande wa Meatu, akaniachia lile jaluba.

Ee mwanangu! Majaluba ya jirani yalijaa kijani. Langu lilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Wanawake waliokwenda kisimani walisimama kwenye tuta, wakatazama, wakanyamaza. Afadhali wangecheka. Baba mkwe naye akasema, "Kesho naleta maksai nilime upya, tumwage mbegu kama siku zote. Sitazika wajukuu kwa maneno ya bwana shamba."

Kulipokucha nikawahi na miche iliyobaki kitaluni, nikaanza kuichomeka kwenye nafasi kabla maksai hawajafika. Mama mkwe akanikuta.

"Ng'wanone, mwanangu, unafanya nini?"

"Najaza, mayu. Panatisha."

"Umeogopa mpunga, au umeogopa macho ya watu?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mama mkwe akaingia matopeni na goti lake bovu, akashika shina la mche. "Lete mkono." Nikapapasa. Ubavuni pa shina palikuwa na vichipukizi vya mashina mapya, vigumu kama meno ya mtoto.

"Kama ni mpunga, uangalie. Kama ni watu, hao hawapiki kwenye chungu chako."

Baba mkwe alipofika na maksai, mama mkwe hakubishana naye. "Shuka upapase," alimwambia. Mzee akapapasa mche huu na ule. Mwishowe akasema, "Mvua ikikata msinitafute," akageuza maksai.

Na mvua ikakata kweli, udongo ukapasuka, nami nikakonda. Iliporudi, mashina yakafungana hata tope hulioni. Hatukutajirika; pembe moja ya jaluba ilitoa pepe tupu, maganda yasiyo na punje. Lakini tulikula mpaka msimu mwingine.

Nawe leo unataka kupanda kwa mistari, na naona jinsi unavyohangaika. Hofu si dhambi; njaa tunaijua sote. Ila waambie wanaokula nawe kabla hujapanda. Njia mpya uielewe, usiishie kuisikia. Ukishapanda, lichunguze shamba lako kwa mkono wako, usilipime kwa sura ya jirani. Na utakapozeeka, ukimwona kijana anatetemeka, usimkemee ukiwa umesimama pakavu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mvua ya kiasi, watoto wako washibe, na uvunacho ukile kwa amani.