Kura ya Lebo Tatu

Mwairishi aliingia ofisini kwetu akisema, "Hodi, wenyewe mpo?" Kaka yangu alikuwa kwenye simu, mimi nilikuwa sakafuni naandika lebo za mizigo, na sote wawili tuliinua vichwa kumtafuta Mswahili aliyebisha hodi. Tukamwona mzungu mrefu mwenye mvi, ameshika suruali ya jinzi begani kama taulo.

Katika ujana wake alikuwa amechimba visima Kilosa kwa miaka sita. Sasa alinunua jinzi Xintang, mji wa viwanda huku China, na kuzipeleka kwenye maduka ya kwao Ayalandi. Kaka alimkaribisha chai, akakataa. Alipokaribishwa tena, akakataa tena. Mara ya tatu akapokea, akanywa vikombe viwili. Alieleza kwamba kwao, ukikubali chai mara ya kwanza, watu wanadhani hukula nyumbani. Kaka akasema huyu ni wa kwetu, alipotea tu njiani.

Kuanzia siku hiyo, kila alipokuja Guangzhou alipita Tianxiu Dasha, jengo lenye ofisi yetu, kututembelea, hata kama hakuwa na mzigo. Alikaa juu ya robota karibu nami tukazungumza. Niseme ukweli, yeye ndiye aliyezungumza. Mimi niliishia darasa la saba, na tangu utotoni maneno yangu huja polepole, ya mdomoni na ya kalamu pia. Watu wengi huchoka kunisubiri wakanimalizia sentensi. Mwairishi hakunimalizia. Alinywa chai yake mpaka nifike mwisho.

Aliniambia kwao wamezoea kuwaaga watoto wao. Babu zake, wajomba zake, dada yake, wote walikwenda ng'ambo kutafuta kazi, na huko walianzisha vyama vya watu wa wilaya moja, kwa ajili ya kuuguzana na kuzikana. Halafu fedha zikaingia ghafla, majumba yakaota kila mahali, na sasa wageni ndio waliokuja kwao kuosha vyombo na kujenga. "Tumesahau upesi kwamba jana tulikuwa sisi," alisema. Aliona aibu nyingine pia, kwamba lugha ya bibi yake alifundishwa shuleni miaka kumi na kitu, lakini Kiswahili anakijua vizuri kuliko hiyo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema Kiswahili hakuna aliyemchapa kwa ajili yake.

Nilisikiliza zaidi alipofika kwenye habari ya vyama, kwa sababu chama chetu Watanzania wa Guangzhou kilikuwa kinakaribia kuvunjika.

Hicho chama mimi nakidai maisha, au chenyewe kinanidai. Mwezi wangu wa pili mjini nilipasuliwa kidole tumbo. Kaka alikuwa amesafiri kwenda Dar. Watu nisiowajua, wafanyabiashara na wanafunzi, walipeana zamu kando ya kitanda changu siku tisa, na aliyejua Kichina alibishana na wauguzi kwa niaba yangu. Kama kusingekuwa na chama, ningekufa huku nikiona aibu kusema panaponiuma.

Mwenyekiti wa zamani alikuwa anarudi nyumbani, na watu watatu walitaka nafasi yake. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa udaktari kutoka bara, tuliyemwita daktari kabla hajamaliza masomo. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, mtu mzima, muuzaji wa vifaa vya umeme. Sisi vijana tulimwita ami. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Kariakoo anayesafirisha jinzi. Siku zote tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wanafunzi walikuwa wengi na wote walikuwa wa daktari. Wafanyabiashara wangegawanyika kati ya ami na mama, na daktari angepita ingawa zaidi ya nusu ya watu hawakumtaka. Ami alikwisha kusema waziwazi: ikiwa hivyo, yeye na watu wake wanaondoka, na chumba cha chama chao kipya ameshakipata. Wanafunzi nao walijibu kwamba wakiondoka, wasirudi.

Nilimsimulia Mwairishi. Ilinichukua muda. Alipoelewa aliweka kikombe chini, akasogeza robota lake.

Kwao, alisema, huweki alama kwa mtu mmoja tu. Unaandika moja kwa unayempenda kuliko wote, mbili kwa anayefuata, tatu kwa yule unayeweza kumvumilia. Aliyepata kura chache zaidi anatolewa, na karatasi zake haziendi jalalani, zinahamia kwa waliowekwa wa pili, mpaka mmoja apite nusu. Kuhesabu kunaweza kuchukua siku kadhaa, na wapo wazee wanaoegemea uzio wakichungulia karatasi zinavyofunguliwa, wakajua matokeo kabla ya wakubwa. Serikali ilijaribu mara mbili kuuondoa utaratibu huo, mara zote mbili wananchi wakapiga kura ya kukataa.

"Mgombea wa kwetu akibisha hodi akakuta wewe ni wa mwenzake," alisema, "hakutukani. Anakuomba ile ya pili."

Kaskazini mwa kisiwa chao watu walikuwa wameuana kwa miaka mingi, na mwaka ule ndio pande mbili zilikubali kukaa katika serikali moja. Nilimuuliza kama sasa wanapendana.

"Hapana. Wanakaa meza moja."

Nilimwomba aje aeleze kwenye mkutano wetu. Alikataa. Nilimwomba mara tatu, kama chai, na bado alikataa. "Mimi si mwanachama," akasema. "Sema wewe." Asubuhi ya mkutano alikwenda Xintang kukagua mzigo wake, na nadhani alifanya makusudi.

Tulikutana Jumapili adhuhuri, kwenye mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Tulikuwa watu sitini na kitu. Sijui nilisimamaje. Nakumbuka nilishika mgongo wa kiti, na kwamba kijana mmoja alitaka kunimalizia sentensi, mama wa jinzi akamwambia, "Mwache. Mzigo wake mzito, atautua mwenyewe." Nikautua. Watu walikubali kujaribu, ila mama akasema tujaribu kwanza kwa chakula tutakachokula baada ya mkutano: pilau, ugali au wali wa nazi. Tukagawa karatasi.

Jaribio liliharibika. Kura zilipohesabiwa ugali uliongoza, na ukumbini hakuna aliyeonekana kuutaka. Ami alisimama, karatasi yake mkononi.

"Mimi pilau nimeipa tatu," alisema. "Tatu nzima. Mmenihesabia ya mwisho. Ndiyo hesabu mnayofundishwa chuoni?"

"Ami, moja ndiyo ya kwanza," daktari akajibu. "Kama darasani."

"Mimi sikuja China kukaa darasani."

Nikaangalia karatasi nyingine. Moja iliandikwa pilau hamsini, wali ishirini, ugali tano. Hapo nikaelewa. Wafanyabiashara wetu wameshinda viwandani miaka yote wakijaza fomu za oda. Unachokipenda unakiandikia idadi kubwa, usichokitaka unakiandikia ndogo. Mwanafunzi anajua nafasi ya kwanza, mfanyabiashara anajua pisi hamsini. Karatasi yenye moja, mbili na tatu haikusema nani ameiandika, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuisoma kwa haki. Waunguja walianza kuvaa makoti. Mmoja alipita karibu yangu akasema kwa sauti kwamba nimetumwa na wanafunzi.

Masikio yalinichoma. Nilitaka kutoka nao nikapotee barabarani. Lakini niliona kwamba wakitoka, watatoka kwa ajili yangu.

"Ami," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Tusiandike."

Akageuka. "Tufanyeje basi?"

"Tupange."

Nilikimbia mpaka ofisini, nikarudi na boksi la lebo zetu za rangi, zile tunazofunga kwenye marobota, pamoja na mfuko wa mipira ya kufungia. Nilipotoa lebo za kijani, rangi ya chama tawala nyumbani, watu walipiga kelele. "Hiyo iache humo humo," mzee mmoja akasema, "siasa za nyumbani tumeziacha uwanja wa ndege." Tukachukua nyeupe kwa daktari, zambarau kwa ami, chungwa kwa mama. Nikaonyesha: unachukua tatu, moja ya kila rangi. Unayemtaka zaidi unamweka juu. Anayefuata, chini yake. Wa mwisho, chini kabisa. Unafunga mpira. Akitolewa wa juu, tunamvua, tunamsoma aliye chini yake. Hakuna namba.

Ami alizipanga lebo tatu mkononi, akazipangua, akazipanga tena. "Hii hata mimi naielewa," alisema, akavua koti.

Watu walikwenda mmoja mmoja nyuma ya pazia la jikoni, wakarudi na vifurushi vyao. Tuliviweka kwenye meza kubwa katika mafungu matatu, na watu wakaizunguka kama wale wazee wa kwenye uzio. Fungu jeupe lilikuwa kubwa zaidi, ila halikufika nusu. La chungwa lilifuata. La zambarau lilikuwa dogo, limepitwa na la chungwa kwa vifurushi viwili.

Ami alilitazama koti lake. Mpinzani wake wa jinzi ndiye aliyempita, na kwa mikono ile ya zamani hapo ndipo angeondoka. Nilivuta fungu lake mbele yangu, nikaanza kuvua lebo za juu. Chini ya zambarau, chungwa. Chungwa. Nyeupe. Chungwa tena. Watu walihesabu pamoja nami kwa sauti, na fungu la mama lilipopita nusu, wanawake walipiga vigelegele mpaka laoban, mwenye mgahawa, akatoka jikoni kuangalia nani ameoa.

"Msishangae," ami akasema. "Mimi mwenyewe nilimweka huyu mama chini yangu. Kwa hiyo ni mimi niliyemchagua." Akamgeukia mama. "Usije ukaniambia baadaye sikukupa kura."

"Na mimi nilikuweka chini yangu, ami," mama akajibu. "Ila hukunipa nafasi ya kukuonyesha."

Daktari ndiye niliyemwogopa sasa. Aliongoza mwanzo, na amekosa. Alikuwa ameinama juu ya meza, anagusa kwa kidole vile vifurushi vya ami vilivyohamia kwenye fungu lake jeupe. Alivihesabu mara mbili.

"Saba," alisema taratibu. "Watu saba wa ami waliniweka wa pili. Mimi nilidhani sina hata mmoja." Akanyoosha mkono kwa ami kuvuka meza, na ami akaushika kwa mikono yake miwili.

Mama alimtangaza ami kuwa makamu wake na daktari kuwa katibu kabla hawajaketi, na hakuna aliyekataa. Kisha akauliza tutakula nini, kwa kuwa lile la chakula halikwisha. Lebo zikagawiwa upya. Pilau ikashinda kwa mbali.

Tulipokuwa tunatoka, mfanyabiashara mmoja aliyechelewa alitukuta kando ya barabara, anahema, anauliza nani ameshinda na ilikuwaje. Watu ishirini walinigeukia mimi. Nilisimama pale Huanshi Zhonglu, magari yakipita, nikamweleza tangu mwanzo, taratibu yangu ile ile, na wote walisubiri mpaka nikamaliza.