Kikombe Kilichojaa Alatau

Niliondoka kijijini kwetu Roret kwa sababu ya Kiprono, mtoto wa marehemu kaka yangu niliyemlea mwenyewe. Alitaka kuoa Almaty, kule Kazakhstan alikosomea, lakini babake msichana alisema hatoi binti kwa watu asiowaona. Ndugu zangu waliogopa ndege. Nikaenda mimi, mwalimu mstaafu mwenye shamba la chai na mdomo mkali.

Siku ya pili baada ya kufika, mimi na Kiprono tulipanda basi hadi Alatau, nyumbani kwa wazazi wa msichana. Wasovieti waliupanga mji huo chini ya milima ya theluji, wakawajengea wanasayansi wa nyuklia. Siku hizi jiji limeumeza. Katika ghorofa za watafiti sasa wanaishi makarani na wauza simu, ingawa barabara bado zimenyooka kama mistari ya daftari.

Mlangoni, Kiprono alibaki nje, kama ilivyo desturi yetu siku ya posa.

"Anti, please, leo usiwake. Huyu mzee akisema no, imeisha."

Saa sita mchana Mzee Serik, mwanafizikia mstaafu, alinikaribisha kwa Kiingereza. Binti yake Aliya, mchumba wa Kiprono, akanimiminia chai, nusu kikombe! Mimi, ninayechuma majani ya chai! Nikanywa, akaongeza nusu tena. Damu ikanichemka.

"Jaza, mwanangu. Kwani chai imekwisha?"

Aliya alimtazama baba yake, kisha akajaza hadi ukingoni. Mke wa mzee akaanza kukusanya sahani.

"Anti," Aliya akaninong'oneza kwa Kiswahili alichofunzwa na Kiprono, "hapa nusu ni heshima; kujaza ni kumwambia mgeni aende."

Hata posa nilikuwa sijaitaja. Nikamweleza mzee kwamba kwetu nusu kikombe ni dharau, na kwamba nimewahukumu bure. Nikaomba radhi.

Serik akaniuliza: "Na binti yangu akikosea hivi kwenu, mtamsamehe?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Lakini nilimkumbuka mamake Kiprono, tuliyemcheka kwa kila kosa alipoolewa kwetu, hadi akawa anakula peke yake.

"Mimi nisingemsamehe," nikasema. "Hadi leo, nilipokosea mwenyewe."

Serik akachukua kikombe changu, akamimina nusu katika chake.

"Sasa sema kilichokuleta."

Niliporudi Roret, mdogo wangu alinipokea na swali moja: "Huyo msichana anajua kupika ugali, ama atatusumbua tu?"

Nikamwambia Aliya anakuja Desemba, atakosea mengi, na wa kwanza kumcheka atanitambua.