Mikono ya Kichina Katika Mpunga wa Idete

Nilikuwa nimechoka. Nianzie hapo, maana kila nikisimulia habari hii watu hucheka, wakidhani ulikuwa mchezo.

Tulikuwa Idete, shambani kwa mama mkwe wangu, miaka michache kabla ya Uhuru. Mume wangu alikuwa amekwenda kukata mkonge. Tulibaki watatu kwenye kibanda: mama mkwe, mimi, na binti yangu aliyekuwa bado ananyonya. Masika yakianza watu walihama nyumba zao wakaenda kuishi shambani hadi mavuno, kwa sababu mpunga hauachwi peke yake. Usiku nguruwe, mchana ndege. Kutwa nzima nilikuwa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, nikipiga kelele na kurusha mabonge ya udongo mpaka sauti inakauka.

Kisha moyo ukaanza. Kila alfajiri, kabla sijafumbua macho, ulikuwa umeshaanza kwenda mbio, mikono ya baridi, pumzi fupi. Naogopa nini? Sijui! Mafuriko, mume, mtoto, ndege. Vyote, na hata kimoja hakikuwa kimetokea.

Nilipompeleka mtoto kliniki ya misheni, Ifakara, nikamweleza Sista. Alikuwa Mzungu mfupi aliyekaa China miaka mingi, hadi watawala wapya wa huko walipowafukuza wamisionari, naye akaletwa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Akanisikiliza kifua kwa mipira yake, akasema, "Moyo mzima. Wewe hofu tu."

Nilikasirika jamani. Nimetembea juani na mtoto mgongoni, naambiwa hofu tu!

Lakini hakuniacha niende. Alinipeleka nyuma ya kliniki, akavua viatu, akasimama miguu imeachana kidogo, magoti yamelegea. Akavuta pumzi huku anainua mikono polepole, polepole hasa, kama mtu anayenyanyua mtungi uliojaa pomoni. Akaishusha huku anaitoa. Akageuka upande, akasukuma hewa kwa viganja. Alisema huko China wazee hufanya hivyo kila asubuhi, na jirani yake mmoja ndiye aliyemfundisha wakati alipokuwa hapati usingizi. Nilipomwiga, akatikisa kichwa. "Si haraka," alisema. "Wewe haraka sana." Nikacheka, mara ya kwanza tangu tupande.

Basi shambani nikawa naamka kabla ya ndege, nasimama kwenye tuta nyuma ya kibanda, ukungu umenifika kiunoni. Sitasema nilipona. Moyo ulikuja vilevile, ila ulitulia kabla sijapanda dunguni. Ilinitosha.

Mama mkwe akaniona. Mwanamke peke yake gizagiza la alfajiri, anaupungia mpunga mikono bila kutoa sauti: kwetu jambo hilo lina jina moja tu. Hakugomba. Aliniwekea uji, akasema, "Kesho kutwa tunakwenda kunyolewa."

"Nani, mama?"

"Mimi na wewe. Ukikataa, rudi kwenu. Mtoto anabaki."

Kwetu ukimshuku mtu uchawi, mnakwenda wote wawili kwa mganga, mshuku na mshukiwa. Mnanyolewa kichwa kizima, mnakunywa dawa. Hapo uchawi umekwisha, na atakayeurudia anakufa. Nilijaribu kumweleza kwamba ni mazoezi tu, Sista kanifundisha, ni ya Wachina.

"Wachina ndio nani?"

Sikuwahi kumwona hata mmoja. Padre naye alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba atakayenyolewa asisogelee komunyo. Nikamtazama mwanangu, nikaenda.

Tulikaa juani tukisubiri zamu. Nilinyolewa mimi kwanza. Ilipofika zamu ya mama mkwe, alikuwa anatetemeka hata wembe ukamchana juu ya sikio. Niliona ni hasira, nikasema moyoni, na ikuchane zaidi.

Tuliporudi, sikuthubutu tena kusimama kwenye tuta. Niliiogopa ile dawa tumboni mwangu, nisiseme uongo. Moyo ulijua, ukarudi kwa nguvu zote. Maziwa yakapungua, mtoto akawa analia na titi mdomoni. Dunguni nilikuwa nakaa tu, sauti hainitoki. Mama mkwe alikuwa akinitazama. Siku moja kabla hakujapambazuka, mtoto analia, nikasema potelea mbali, kama ni kufa nife. Nikamwacha kwa bibi yake, nikatoka, nikainua mikono.

Nilipogeuka upande, nilimwona mama mkwe mlangoni, mtoto kambeba. Alikuwa anasubiri nianguke. Sikuanguka. Kesho yake akasimama palepale, na kesho kutwa yake. Mwishowe akanijia mpaka kwenye tuta.

"Mbona hufi?"

"Nilikwambia ni mazoezi, mama."

Mtoto alikuwa amemlalia begani.

"Hujaniuliza nilikuonaje siku ile," akasema. "Watu wote wamelala."

"Ulikuwa umeamka."

"Mimi silali. Tangu mwanangu aende huko mkonge, moyo unanikimbia kila alfajiri, mikono inakuwa ya baridi kama ya maiti. Nikatoka nje kutafuta pumzi, nikakukuta unapunga mikono. Nikajua ni wewe unayenifanyia."

Miezi ile yote tulikuwa tumelala kibanda kimoja, kila mmoja anajikaza mwenzake asisikie. Nilitaka kumkasirikia, nikaona nimechoka mno hata kwa hilo.

Akatandika kanga kwenye tuta, akamlaza mtoto. Akaja akasimama kando yangu, kichwa chake kilichonyolewa na kile kidonda juu ya sikio, mabega ameyakaza, akarusha mikono juu mara moja kama mtu anayefukuza ndege.

"Si haraka, mama," nikamwambia. "Legeza magoti kwanza."

Kukapambazuka, ndege wakashuka upande wa mtoni wakaanza kula. Tuliwasikia wote wawili. Hakuna aliyewapigia kelele.